Kesi Iliyosikizwa Jikoni kwa Mama Moraa

Mlio wa mnyororo wa wapimaji wa ardhi ulitufikia kabla hatujawaona wapimaji wenyewe. Ulitoka kilima cha pili, ng'ambo ya kijito, chuma kikiburutwa juu ya nyasi zenye umande, kikinyamaza, kikiburutwa tena, na kati ya mlio mmoja na mwingine tulisikia mtu akiita kwa sauti kali ya kiofisi. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, msimu wa mvua ndefu, huku kwetu karibu na Nyamache. Maua ya pareto, tuliyoyauza kutengenezewa dawa ya wadudu, yalitandazwa juu ya mikeka kila jua lilipochomoza kidogo, na harufu yake kavu, yenye kuwasha pua, ilikuwa imeingia katika nguo zetu, katika blanketi, hata katika ugali. Ukiniuliza leo utoto wangu ulinuka nini, nitakujibu ulinuka pareto na moshi. Lakini msimu ule naukumbuka kwa sauti ya mnyororo, kwa sababu kila ulipolia, watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza. Serikali ilikuwa inapima mashamba yote, inaweka alama, inaandika majina, na ilisemekana kwamba alama ikishawekwa haitasogezwa mpaka mwisho wa dunia. Ndugu walioishi miaka yote bila kujali mgomba wa nani umeinamia upande gani, sasa walianza kuamka alfajiri kwenda kuutazama ule mgomba.

Babu yetu alikuwa ameacha kilima kimoja na wana watatu. Wa kwanza alikuwa baba mkubwa Makori, aliyefanya kazi katika mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho na kurudi nyumbani akikohoa, akafa mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Alimwacha mkewe, Kemunto, ambaye sote tulimwita Mama Moraa kwa jina la binti yake wa kwanza, pamoja na mabinti wengine wadogo. Hakumwacha na mtoto wa kiume. Wa pili alikuwa baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa letu la Kisabato. Wa tatu alikuwa baba mdogo Ombati, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyekuwa na wavulana sita na hana msichana hata mmoja. Shamba la marehemu Makori lilikuwa katikati ya kilima, pana, lenye udongo mwekundu uliokubali kila kitu. La Ombati lilianzia kwenye mwamba na kutelemka kwa kasi hadi mtoni. Watu walimtania kwamba angeweza kupanda mahindi juu na kuyavuna chini bila kuyabeba. Alikuwa akicheka nao, ila nilikuja kuelewa baadaye kwamba kicheko kile kilimgharimu.

Baba alipenda hoja kama watu wengine wanavyopenda ugoro. Jumamosi tukirudi kutoka kanisani, mimi na yeye tukiwa nyuma ya wengine, tulikuwa na mchezo wetu. Alisema, "Kila chenye mizizi hunywa maji. Mgomba una mizizi. Basi?" Nami nikajibu, "Basi mgomba hunywa maji." Halafu akanitega. "Kila mwalimu ana chaki. Yule mtu ana chaki. Basi?" Nikakimbilia kusema kwamba yule mtu ni mwalimu, naye akacheka hadi akasimama njiani, akisema, "Basi labda ameiokota, Nyaboke. Labda ameiokota." Miaka mingi baadaye, chuoni, nilikuta kwamba mchezo ule una jina refu na historia ndefu, na wenzangu wakauona mgumu. Kwangu ulikuwa na harufu ya viatu vya Sabato vilivyopakwa mafuta na vumbi la barabara. Niliamini, kwa sababu baba aliamini, kwamba hoja iliyosimama wima haiwezi kumdhuru mtu mwema.

Alasiri moja baba mdogo Ombati alikuja kwetu, akaketi barazani, akakataa chai. Mimi nilikuwa natoa maharagwe kwenye maganda. Alizungumza kwa upole, bila kumtazama baba usoni. "Kaka, mila yetu inasema shamba ni la mwana wa kiume. Makori hakuacha mwana wa kiume. Basi shamba lake linarudi kwa ndugu zake. Wewe una mshahara wa ualimu. Mimi nina wavulana. Wapimaji wakifika, nataka liandikwe kwangu." Akaongeza kwamba hangemtupa Mama Moraa: angemwachia bustani karibu na mto mpaka mabinti waolewe. Niliinua kichwa. Niliitambua hoja ile. Ilikuwa mmoja wa michezo yetu, na haikuwa na chaki ya kuokotwa ndani yake. Baba naye aliitambua. Aliigeuzageuza kama mtu anayekagua chungu sokoni akitafuta ufa. Hakuona ufa. Mwishowe akasema, "Umeisema mila kama ilivyo. Tutawaita wazee, tumwite na Mama Moraa, tulimalize kabla wapimaji hawajafika."

Sitaki msomaji afikiri kwamba baba mdogo alikuwa mtu mbaya. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wahenga walisema, na kila mtu kilimani msimu ule alikuwa anavuta ngozi. Mila nayo haikuwa uzushi wake. Wazee wote wa ukoo waliijua na wengi wao walikuwa wameshaitumia. Kama ningekuwa nimezaliwa mvulana katika nyumba ile ya mwambani, ningemwombea baba yangu ashinde.

Moraa alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja shuleni na tuliteka maji pamoja. Habari ilimfikia, maana hakuna habari isiyofika mtoni. Aliutua mtungi wake, akaniuliza kwa utulivu uliofanana na wa mama yake, "Wakisema tuhame, kaburi la baba litabaki na nani?" Jioni hiyo, baba akiwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, nilimpelekea swali lile kama lilivyo. Aliweka kalamu chini. "Hilo ni swali," akasema, "si hoja." Lakini alilisema kwa sauti ya mtu ambaye jibu lake mwenyewe halijamshibisha, na kalamu hakuishika tena jioni ile.

Siku ilipangwa, Jumapili, uani kwetu. Mama Moraa alipopelekewa habari alimtuma mama yangu arudi na jibu. Hakukataa kusikia neno la wazee, alisema, lakini hatakuja kulisikia kwa watu. Kama wanataka kusema juu ya nyumba yake, waje waseme ndani ya nyumba yake. Wazee walikasirika. Mzee Onsongo, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na kwa sauti, alisema hajawahi kuitwa na mwanamke kwenda kusikiliza kesi, na kwamba mjane anayepanga mahali pa baraza kesho atapanga na hukumu. Baba aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Miguu yetu haijavunjika. Twende." Walitazamana. Yeye ndiye alikuwa ndugu mkubwa aliyebaki, na bila yeye kesi haingekwenda popote, kwa hiyo walichukua fimbo zao wakamfuata, wakinung'unika njia nzima.

Mama Moraa alikuwa ameweka viti nje, chini ya ukingo wa paa, lakini mvua ilianza kabla hawajakaa vizuri. Mvua ya kwetu haiombi ruhusa, hushuka kutoka juu ya kilima kama kundi la ng'ombe. Nyumba kubwa ilikuwa imefunuliwa paa upande mmoja ili nyasi zibadilishwe, na aliyekuwa amepanga kuziezeka alikuwa amelala kaburini. Ikabidi wote waingie jikoni. Hivyo wazee wa ukoo, na makoti yao ya siku za mikutano, wakajipata wamebanana kuzunguka mafiga, magoti yakigusana, moshi ukiwatoa machozi bila kujali cheo cha mtu. Juu yao mahindi ya mbegu yalining'inia, meusi kwa masizi. Kuku mmoja alikuwa ameatamia pembeni na alikataa kuondoka. Mabinti wadogo walihamishwa kutoka mahali pakavu ili Mzee Onsongo akae, wakaenda kusimama palipokuwa pakivuja, bila kuambiwa, kama watu waliokwisha kuzoea. Mimi, Moraa na mama yangu tulikuwa tunamenya ndizi. Uani kwetu tungefukuzwa tukachezee mbali, maana kesi ni ya wazee. Lakini jikoni ni kwa wanawake. Hakuna mzee aliyethubutu kutufukuza hapo.

Mama Moraa aliwagawia uji wa wimbi katika vibuyu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na macho ambayo hayakukimbia. Alimpa kila mmoja kwa mikono miwili, baba mdogo Ombati vilevile. Wakanywa, kwa sababu ungekuwa utovu wa adabu kutokunywa, na mtu akishakunywa uji wako hawezi kukufokea kama alivyokusudia alipotoka kwake. Kisha Ombati akaombwa aseme shauri lake. Alilisema kama alivyolisema barazani kwetu, karibu neno kwa neno, kwa Kigusii safi ambacho hapa nakigeuza Kiswahili na kukipotezea utamu. Mila. Mwana wa kiume. Ndugu. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mzee Onsongo akamgeukia mwenye nyumba, "Umesikia. Jibu."

"Nitajibu," alisema Mama Moraa. "Ila kwanza nataka nijue kama nimemsikia vizuri." Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akamtazama shemeji yake, na badala ya kujitetea akaanza kumsemea. "Ombati ana wavulana sita. Shamba lake ni mteremko, na kila mvua kama hii inaondoka na udongo wake kumpelekea jirani. Hivi tunavyokaa hapa, moyo wake hauko hapa, uko kule, unasikiliza kinachotelemka. Wimbi lake halifiki kiuno. Mvulana wa kwanza ameanza ndevu. Atataka nyumba, kisha mke, kisha pa kulima, na nyuma yake wako wengine. Ombati akifumba macho huwaona wamesimama mlangoni wanamwuliza, baba, yangu iko wapi? Na hana pa kuwaonyesha. Sasa kunakuja watu na chuma, na wakipita hakuna tena kusogea. Mtu kama huyo akiona shamba zuri linalimwa na wasichana tupu, ambao watu wote wanasema wataolewa, afanye nini? Hata mimi ningekuja kuliomba." Akamuuliza, "Ombati, nimekusemea vizuri, au nimeacha kitu?"

Baba mdogo alikuwa anatazama ndani ya kibuyu chake. Mvua ilisikika juu ya nyasi za paa na matone yakaanguka pale walipokuwa wale wasichana wadogo. "Hujaacha kitu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Hilo la mlangoni sijamwambia hata mke wangu. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wangu nao husimama mlangoni."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na nimewasikiliza watu waliobobea wakibishana katika kumbi zenye viti vya kukunja, lakini sijasikia tena maneno machache yaliyofungua chumba namna ile. Hata Mzee Onsongo aliacha kusafisha koo. Mama Moraa hakungoja sifa. Alisema, "Basi sasa na wewe unisemee mimi. Ukimaliza, wazee waamue, nami sitaongeza neno."

Ombati akaanza. "Mama Moraa ni mjane," alisema, akakwama. "Ana mabinti." Akakwama tena. Aliinua macho akatazama jikoni mle kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, na kwa kweli hakuwa ameingia tangu siku za matanga. Akaliona paa, akawaona wasichana waliolowa, akaziona ndizi ambazo tulikuwa tumemenya na ambazo zilikuwa zote zilizokuwamo nyumbani. "Sijui," akasema. "Sijui mchana huwa wanakula nini." Mzee mmoja alinong'ona kwamba kesi haiendeshwi hivi. Baba akamjibu bila kugeuka, "Mwache. Anatafuta njia."

Naye aliipata, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Alikumbuka kwamba mahali hapa palikuwa kichaka, na kwamba Makori alikisafisha pamoja na mkewe, Moraa akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikumbuka kwamba miche ya chai iliyoko juu ya nyumba iliwekwa na Mama Moraa mwenyewe mumewe akiwa Kericho, akaipalilia akiwa na mimba, na kwamba ilikuwa inakaribia tu sasa kuchumwa. Alisema wazazi wa mjane huyu walikwisha kufa, hivyo hana kwao pa kurudi. Alisema bustani ya karibu na mto, ile aliyomwahidi, hufurika. Hapo akasita, maana lilikuwa neno lake mwenyewe analolishtaki. "Na kaka yangu amelala hapo nje," akamalizia. "Juzi nimepita nikaona kaburi limepaliliwa. Sikulipalilia mimi." Akaweka kibuyu chini, akakaa akitazama mikono yake. Mama Moraa aliitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyoahidi, asiongeze neno.

Wote wakamgeukia baba. Nilimjua vizuri, nikaona furaha inamjia usoni, ile ya njiani Sabato, furaha ya mtu aliyeona chaki. "Hoja ya Ombati ilikuwa kamili," alisema. "Nimetafuta tundu lake siku hizi zote nisilione, kwa sababu nilikuwa nalitafuta ndani ya maneno, nikiwa nimekaa kwangu, pakavu. Sasa niwaulize wazee. Kwa nini waliotutangulia walisema shamba ni la mwana wa kiume? Walikuwa na haja gani? Walitaka mtu asizeeke bila mkono wa kumshika, na kaburi lisibaki katika nyasi. Mikono ya kumshika Mama Moraa ni hii inayomenya ndizi. Kaburi lina watu wake. Haja ya mila imeshatimizwa katika nyumba hii. Tukimwondoa tutakuwa tumeitii mila na kuiua sababu iliyoizaa."

"Na wakiolewa?" aliuliza Mzee Onsongo.

"Wakiolewa tutakula harusi," baba akajibu, "kisha tutakaa tena tuzungumze. Hatuwezi kumfukuza mtu leo kwa sababu ya harusi ambayo hata kuni zake hazijapasuliwa." Wazee wawili walicheka, na kicheko hicho kilisaidia kuliko hoja. Lakini baba hakuishia hapo, na hili ndilo ninalomheshimia zaidi. Alisema kwamba wakisimama hapo watakuwa wamemwonea huruma mmoja na kumwacha mwingine mlangoni na wanawe. Upande wa Borabu, kule Nyamira, mashamba yaliyokuwa ya Wazungu yalikuwa yanagawiwa wananchi. Yeye angekwenda na Ombati mpaka ofisini, na ukoo ungemsaidia kuanza. Mama Moraa ndipo aliposema kwamba mpaka siku hiyo ifike, Ombati alime nusu ya chini ya shamba lake, pale pasipofurika. Alilisema kama mtu anayemwongezea mgeni uji.

Uamuzi ule ulikuwa na bei yake na baba aliilipa. Wapimaji walipofika, karani aliuliza jina la mwenye shamba, baba akamwambia andika Kemunto. "Mwanamke?" aliuliza yule kijana. "Mwanamke," baba akasema, na akarudia kulitaja jina herufi kwa herufi, kama darasani. Sokoni Nyamache walimcheka. Walisema mwalimu amehukumiwa jikoni akaiva. Mzee Onsongo alikaa muda mrefu bila kumjibu salamu, na katika baraza za ukoo zilizofuata wengine waliitwa, baba hakuitwa. Nilimwuliza njiani, Jumamosi moja, kama inamuuma. Akasema inamuuma, ndiyo, lakini ilimuuma zaidi ile hoja ya Ombati alipokosa kuona tundu lake. Hatukucheza mchezo wetu siku ile. Badala yake alinitaka nimweleze, nyumba kwa nyumba, kila tuliyoipita: huyu anaogopa nini, na yule anatumaini nini. Nilikuwa dhaifu sana kwa mchezo huo mpya, na aliniambia kwamba hata yeye ndiyo kwanza anaanza.

Borabu ilipatikana, si kwa haraka. Baba mdogo alihama na ng'ombe wake na wavulana wake akaenda kwenye baridi na nyasi ndefu, mahali ambapo mahindi yalimea kana kwamba yanamlipa fidia ya ule mwamba. Msimu wa chai ukifika kilele chake, wanawe walitelemka kuja kumsaidia Mama Moraa kuchuma na kubeba vikapu hadi kituo cha kununulia, na walimwita mama bila kufundishwa. Moraa alisoma akawa muuguzi. Mdogo wake alibaki nyumbani na kuolewa na kijana wa Marani aliyekubali, bila aibu, kuja kuishi kwa wakwe. Mama Moraa alizeeka akiwa ameshikwa na mikono mingi kuliko mzee yeyote kilimani, na alipokufa alizikwa kwenye shamba lenye jina lake. Baba mdogo Ombati alikuja kutoka Borabu kwenye matanga, mzee sana, akaomba aseme. Alisema alikuja kwa mwanamke huyu kuchukua shamba, akarudi nyumbani akiwa amesemewa neno ambalo mwenyewe alikuwa hathubutu kulisema, na kwamba tangu siku hiyo alianza kulala.

Nimefundisha falsafa chuoni sehemu kubwa ya maisha yangu. Kila mwaka anatokea mwanafunzi mwerevu, mara nyingi wa mstari wa mbele, anayeniambia kwamba huruma ni jambo la kanisani na la hospitalini, lakini falsafa ni hoja. Simkasirikii, maana nilikuwa yeye. Namwambia kwamba vitabu vingi huiweka huruma mwishoni, kama chumvi inayonyunyizwa chakula kikishaiva, mtu akishajua ukweli ndipo aamue kama atakuwa mpole au la. Mimi nasema nafasi yake iko mwanzoni, pale pa kuteka maji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hizo wengi huzisoma kama lawama, lakini mimi nazisoma kama maelezo sahihi ya jinsi binadamu anavyojua na asivyojua. Baba yangu hakukosa akili alipokaa barazani kwetu. Alikosa habari, na habari ile haikuwa na njia nyingine ya kumfikia ila kwa kwenda, kukaa, kubanwa magoti, na kumsikia mtu akimsemea adui yake kwa haki. Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walituonya, lakini siku ile nilishuhudia akili ikirudishiwa maarifa, na ikafanya kazi nzuri kuliko ilivyowahi kufanya peke yake. Huruma ilimwonyesha cha kufikiria, na hoja ikamwonyesha cha kufanya. Sijapata sababu ya kuzitenganisha tangu hapo.

Nikirudi nyumbani sasa napita kwenye lami. Mashamba yamekatwakatwa mpaka mengine yana upana wa mistari michache ya chai, na kesi za ndugu husikizwa mjini Kisii, kila upande na wakili wake, ndugu wakikaa mabenchi tofauti wakitazama simu. Sitasema zamani ilikuwa bora. Nafasi ya Mama Moraa ilitegemea ulimi wake mmoja na mvua iliyonyesha kwa wakati. Leo sheria ya nchi inamtambua binti kama inavyomtambua mwana, na hahitaji kuwapikia wazee uji ili aonekane. Hayo ni maendeleo makubwa, na wanawake wa ukoo wetu, nikiwamo mimi, tunalala salama zaidi kwa sababu hiyo. Lakini nimekaa katika mabenchi yale, nimewasikia watu wakishinda kesi kwa hoja zisizo na tundu na kurudi kwenye kilima kimoja na ndugu ambaye hawajui anakula nini mchana. Sheria tumeshaipata, na ni nzuri. Iliyobaki ni kazi ya kukaa na ndugu yako na kumsemea kwa haki, ambayo mahakama haiwezi kutufanyia, nayo si ngumu kuliko kupima nchi nzima kwa mnyororo. Wale watu waliobanana jikoni hawakuwa watakatifu, na waliifanya kwa alasiri moja.